Mwano wa Kuigiza

Jumamosi iliyopita niliwaacha pabaya, na nawaomba radhi wote mliompigia mhariri simu mkiuliza kama nimekufa. Sijafa. Ila wapo waliotaka, na leo nitawataja.

Kwa aliyechelewa kuanza: mimi ni Agapiti. Nilichimba dhahabu Geita, nikatoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, nikaingia banda la video la machimboni, kazi yangu kutafsiri filamu za Kichina. Kipaza sauti kimoja, mdomo mmoja, na mimi nawasemea watu thelathini, mfalme mpaka punda. Huko ndiko nilikojifunzia hadithi. Nimeshawaeleza nilivyoibiwa skripti mbili na nilivyovunjwa taya Katoro kwa kumdai aliyeziiba. Baada ya hapo nikaapa kutengeneza filamu yangu mwenyewe. Niliandika mimi, niliongoza mimi, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka kuigiza muuaji, muuaji nikawa mimi.

Filamu ilikuwa ya bibi kizee anayeuawa kwa sababu ya macho mekundu. Sikuitoa kichwani. Bibi yangu mzaa baba, Paskazia, aliuawa hivyo hivyo, kwa panga, kijijini kwetu Ibambala, huko Ushetu, miaka kumi na mmoja iliyopita. Wauaji hawakujulikana. Nikang'ang'ania kushuti pale pale, kwenye nyumba yake, ambayo tangu siku ile hakuna aliyekubali kulala ndani.

Tulikuwa watatu tu. Kamera niliinunua mimi, aliyeishika ni Loveness, binti wa Kahama anayepiga picha za harusi na vipaimara. Kizee aliigizwa na bibi yake Loveness, Bernadina, mwenyeji wa Ushirombo. Huyo mama kila Ijumaa Kuu parokiani kwao ndiye Mama wa Yesu kwenye Njia ya Msalaba, na akianza kulia hata katekista anasahau maneno. Macho yake hatukuyapaka kitu. Miaka hamsini ya moshi wa kuni na wa bani la kukaushia tumbaku ilikuwa imeshamaliza kazi.

Sasa niliseme kosa langu, maana ndilo lililozaa yote.

Kwetu mtu akivamiwa hapigi kelele za hovyo. Anapiga mwano. Ni yowe la juu linalokatika ghafla, halafu la juu tena. Nyumba ya kwanza inalipokea, inaipa ya pili, na kabla hujamaliza kufunga mkanda kijiji kizima kiko njiani na marungu, mapanga na mishale. Asiyetoka ataulizwa na sungusungu, walinzi wa kijiji, alikuwa wapi, na jibu lisipotosha anatengwa: hasalimiwi, hazikiwi, hapewi hata kaa la moto. Mtoto wa Ibambala anayajua haya kabla hajajua kuhesabu. Na mimi ni mtoto wa Ibambala.

Loveness alinisihi nisimpigishe bibi yake mwano pale kijijini. Akasema sauti tutairekodi Kahama, chumbani, tuipachike baadaye. Nikamjibu kwa madaha kwamba sanaa haitaki kubahatisha. Akasema basi tupite kwanza kwa mtemi wa sungusungu, Mzee Tarsisi, tumwamkie na tumweleze kazi tunayofanya. Nikakataa hilo pia. Nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kuonekana Ibambala, na sikumwambia.

Basi saa tisa alasiri, jua la kuchoma utosi, Bibi Bernadina akakaa kwenye kigoda akimenya karanga. Chini ya kitenge tulimfungia mfuko wa rozela iliyochemshwa na sukari na unga wa muhogo, nyekundu nzito. Panga langu lilikuwa la kweli, nililitoa makali kwa jiwe.

Siku iliyotangulia, kwenye mazoezi, alikuwa ametuharibia mara nne, kila akisikia sauti au akisumbuliwa na kitu ananyanyuka. Kwa hiyo nikampa amri moja: akishaanguka, asinyanyuke. Hata nyumba ikiungua. Hata nikimwita kwa jina lake, ajue ni maneno ya sini, ya mchezo. Ananyanyuka nikimgusa mguu tu. Akaniambia amesikia, na safari hii hataharibu kazi ya mtu.

Loveness akawasha kamera. Nikanyata kutoka nyuma. Bibi Bernadina akageuka, akaniona, akapiga mwano.

Jamani, niliwahi kusikia mwano, lakini ule ulinisimamisha nywele. Nikashusha panga, mfuko ukapasuka, akaenda chini kifudifudi na rozela ikatambaa mchangani. Halafu ng'ambo ya bonde nikasikia mwano mwingine. Nilidhani ni mwangwi. Nikafurahi kabisa, nikawaza kwamba sauti kama hii hata mjini hawana.

Mwangwi ukaja na miguu.

Walitokea pande tatu. Nilikuwa bado nimeshika panga, shati limelowa, na miguuni kwangu kalala mama wa watu. Niambieni nyinyi, mngeuliza swali? Rungu la kwanza lilinipata begani, mkono ukafa ganzi, panga likaanguka. La pili likanipata mdomoni nikameza jino. Mshale ukaingia pajani ukabaki humo unatikisika. Nilijaribu kukinga uso kwa mkono wa kulia, na vidole viwili vikavunjika. Nilivisikia vikivunjika, kwa sauti ya mabua.

Loveness alitupwa chini na mwanamke mwenye mwiko wa ugali mkononi. Kamera ikawekwa juu ya jiwe la kusagia la marehemu bibi yangu, ikapondwa mpaka ikawa takataka. Miaka saba ya maduara ilikuwa ndani ya kamera ile.

Nilipiga kelele kwamba ni filamu. Nikamwita Bibi Bernadina anyanyuke. Nikamwita kwa jina, nikamwita mama, nikamwita bibi, nikamlilia. Hakutikisa hata kope. Nzi walikuwa wameshaiona sukari ya rozela wakamjaa mgongoni. Mzee mmoja akainama, akamtazama, akainuka akitikisa kichwa. Na kila nilivyozidi kumwita amka, amka, ndivyo watu walivyozidi kuchukia, wakisema nimeua na sasa namdhihaki.

Mzee Tarsisi akafika, mtemi mwenyewe, na kofia yake ya pama. Si mtu wa pupa. Akaamuru wasinipige kwanza. Akatazama panga, akatazama shati, akatazama mwili. Akauliza kama yupo aliyemkuta mwingine pale zaidi yangu. Hakuna. Mtendaji wa kijiji alikuwa Kahama mkutanoni. Polisi ni mbali.

"Huyu hana kesi ya kusikilizwa," Mzee Tarsisi akasema. "Mfungeni."

Wakanifunga kwa uzi wa kufungia tumbaku. Ndipo akili ikanijia. Nikamwomba mtemi kitu kimoja: kabla hawajanimaliza, wanipe ruhusa nimwombe radhi marehemu, nimguse mguu tu. Watu wakaguna. Mtemi akafikiri, akasema hata muuaji ana haki ya kuomba radhi, waniache nitambae.

Nikatambaa kwa viwiko, mshale pajani. Nikanyoosha vile vidole vilivyopona, nikamgusa Bibi Bernadina kisigino.

Akanyanyuka. Akakaa kitako, akapangusa mchanga shavuni, rozela inamchuruzika mpaka mapajani, akanitazama kwa yale macho yake mekundu.

"Safari hii imetoka vizuri?" akauliza.

Sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Mwanamke wa mwiko aliruka ua wa minyaa kama swala. Na mimi, mjinga, nikacheka. Nilicheka damu ikinitoka, nikijua yamekwisha, mtu mzima yuko hai, hakuna aliyeuawa.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Wale waliokimbia walisimama hatua ishirini, wakageuka. Na katikati yao nikasikia sauti ninayoijua tangu nikiwa mtoto, ikitamka neno moja la Kisukuma.

"Nogi."

Mchawi. Aliyelisema ni baba yangu mdogo, Pantaleo.

Hakuwa amezeeka sana. Tukakutana macho, akanitambua, niliona kabisa kwamba amenitambua. Hakuliita jina langu. Akawageukia watu na kuwaeleza kwa utulivu, mtu wa kanisa, mwenye shamba kubwa la tumbaku, anayesikilizwa. Mwanamke mgeni asiyejulikana kwao. Macho mekundu. Amekatwa panga, kila mtu ameona damu. Amekaa chini maiti robo saa. Kaguswa na mwenzake, kanyanyuka. Na haya yote kwenye nyumba ya marehemu Paskazia, si nyumba nyingine.

"Mnataka ushahidi gani tena?" akauliza.

Hawakutaka mwingine. Walimwendea Bibi Bernadina kwa fimbo ndefu, maana waliogopa kumsogelea. Walimpiga mgongoni na magotini. Loveness alijirusha juu ya bibi yake wakamvuta kwa nywele, akajirusha tena. Wengine wakaanza kuleta mabua makavu ya tumbaku wakayarundika kwenye mlango wa nyumba, na mwenye bodaboda mmoja akaambiwa afungue tangi la petroli. Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeandika kwenye skripti yangu. Sini ya kumi na tano. Nilikuwa nimeipa kurasa mbili na nusu.

Loveness akamshika mtemi miguu. Akamwambia shikamoo baba, sisi ni watu wa filamu, huyu ni bibi yangu mzaa mama, Mkatoliki wa Ushirombo, ile ni rozela, onja. Mzee Tarsisi hakuonja, lakini alinyoosha mkono na watu wakangoja. Akasema yeye filamu anazijua, kijijini kuna banda. Kama ni filamu, basi amwone huyu mama humo ndani, akianguka na kunyanyuka siku nyingine isiyo ya leo. Akimwona, ataamini. Asipomwona, hawezi kuwazuia watu wake.

Kamera ilikuwa unga. Lakini kamera ilikuwa na kadi ya leo tu. Mazoezi ya jana yalikuwa kwenye kadi nyingine, na Loveness alijua hivyo.

"Agapiti," akasema, "kadi ya jana iko wapi?"

Kadi ya jana ilikuwa ndani ya soksi yangu ya kushoto. Nilikuwa naisikia kifundoni.

"Ilikuwa kwenye begi la kamera," nikasema. "Wameshaivunja."

Ndiyo. Nilisema hivyo, na mama wa watu yuko chini anangoja kuchomwa. Mnaosoma safu hii mmenizoea nikiwa mtu wa kuonewa: nimeibiwa, nimepigwa, nimedhulumiwa, na mmenitumia salamu za pole hadi nikaanza kujiona mtakatifu. Leo shikeni jambo ambalo sikuwahi kumwambia mke, rafiki wala padri.

Usiku ule alipouawa Bibi Paskazia, nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kumaliza kidato cha nne. Baba mdogo Pantaleo alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, na mganga alikuwa amemwambia amwangalie kizee mwenye macho mekundu ndani ya ukoo wake. Bibi alikuwa na mbwa mkali, jina lake Yatakwisha, hapiti mtu. Baba mdogo akaniita, akaniambia jioni nimtoe yule mbwa pale nyumbani kwa bibi, nikamfunge mbali, kuna wageni watakuja. Akaniambia nikifanya hivyo atanipeleka Geita kwa rafiki yake mwenye duara, nianze maisha.

Nilijua? Nilijua nusu. Ile nusu nyingine sikuitaka.

Yatakwisha alinifuata kwa sababu alinizoea. Nilimwekea ugali wenye mchuzi wa dagaa kwenye bakuli la bluu la bibi, lile la bati lililomeguka ukingo. Nikamfunga nyuma ya bani la tumbaku, na alipoanza kulia nikamzungushia uzi wa tumbaku mdomoni. Asubuhi bibi yangu alikuwa vipande, na kesho yake nilikuwa kwenye lori la kwenda Geita. Duara, banda la video, skripti, kamera, vyote vimeanzia kwenye uzi ule.

Na kwenye filamu niliiweka sini hiyo. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kutubu bila kukamatwa. Niliandika kijana asiye na jina, tunaona mikono yake tu, anamfunga mbwa. Kwa kukosa mwigizaji, mikono ikawa yangu. Tuliishuti jana yake Kahama, kwa mbwa wa jirani na bakuli la bluu kama lile la bibi, mara moja tu, na Loveness alishangaa nilivyoifanya bila mazoezi. Ilikuwa kwenye kadi hiyo hiyo, mara tu baada ya mazoezi ya Bibi Bernadina kuanguka.

Nikawaza: baba mdogo akiiona, ataniua. Wengine wakiielewa, wataniua. Na kama kadi haipo, atakufa mama mmoja mzee ambaye ameshaishi. Ndivyo nilivyowaza, na sitaki kupamba.

Petroli ikamwagwa kwenye mabua. Harufu yake ikatufikia. Wakamwinua Bibi Bernadina kwa kamba iliyofungwa kifuani wampeleke mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa haukanyagi tena. Alipopita mbele yangu akanitazama, si kwa hasira. Alikuwa na aibu, aibu ya mfanyakazi aliyeharibu.

"Nimekosea wapi, mwanangu?" akaniuliza. "Nilikaa kama ulivyosema."

Hapo nikapasuka. Nililia kwa sauti mpaka aliyekuwa ameshika kiberiti akageuka. Nikamwita Mzee Tarsisi, nikamwambia nimesema uongo, kadi ipo, nivueni kiatu cha kushoto. Loveness alinivua yeye. Alipoiona ile kadi kwenye soksi alinitazama tu, na mpaka leo ninapoandika hajawahi kunitazama vingine.

Banda la video la Ibambala ni la mabati na mabenchi, jenereta nje, televisheni moja kubwa. Mwenye banda anaingizia watu nyimbo kwenye simu, kwa hiyo kompyuta yake ilikuwa na tundu la kadi. Watu walijaa mpaka mlangoni. Mimi nilitupwa chini mbele, nimefungwa. Panga langu likaegemezwa ukutani kando ya mlango, kama kielelezo. Baba mdogo Pantaleo akakaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Picha ikaja. Bibi Bernadina huyo, kitenge kingine, uani kwa Loveness, Kahama. Akaanguka. Nyuma ya kamera Loveness akapiga chafya, bibi akanyanyuka kumwambia afya. Tukamsikia mwongozaji, ndiye mimi, akinung'unika. Akaanguka tena, akanyanyuka kulalamika kuna siafu. Mara ya tatu watu wakaanza kucheka. Mara ya nne, alipomkemea kuku huku amekufa, banda lilivunjika mbavu. Mwanamke wa mwiko ndiye aliyecheka zaidi, na ndiye aliyekwenda kumfungua kamba Bibi Bernadina, akamfunika kwa khanga yake mwenyewe na kumpa maji, akimwomba radhi: mayu, mama yangu, mayu hii na mayu ile. Mzee Tarsisi akavua kofia.

Siku zote nilitamani kuwaona watu wa kwetu wakiitazama kazi yangu. Waliitazama, na nilikuwa naomba Mungu jenereta izimike.

Nikasema zimeni, imetosha. Hakuna aliyenisikia. Picha ikabadilika: mikono, mbwa, bakuli la bluu. Kicheko kikapungua. Mikono ikaweka ugali, ikamwagia mchuzi, ikampapasa mbwa kichwani. Halafu ikachukua uzi wa tumbaku, ikamzungushia mdomoni, mara tatu, na kufunga kwa fundo la kufungia mabelo ya tumbaku.

Kwenye benchi la wanawake mtu akasimama. Akasema zima hiyo. Huyo walimsikia, mwenye banda akazima televisheni, akatoka akazima na jenereta ili asikike.

Alikuwa shangazi yangu Suzana, binti wa mwisho wa Bibi Paskazia. Alikuwa hajajua kwamba ni mimi. Uso wangu ulikuwa umevimba, hata mama yangu asingenijua. Akaja mbele taratibu, akainama, akanishika kidevu.

"Yule mbwa nilimfungua mimi," akasema. "Peke yangu, alfajiri. Lile bakuli nikalificha, nikasema atakayelitaja siku moja ndiye. Miaka kumi na mmoja sikumwambia mtu. Wewe umelijuaje?"



Shangazi akafuta mikono kwenye khanga. Akamwambia mtemi wasiniguse, asiondoke mtu, anakwenda nyumbani kulileta bakuli, si mbali, na akirudi nitamtaja aliyenituma. Akatoka.

Mimi nikalala kifudifudi, uso mchangani. Nilitaka nife vile vile. Nilikaa hivyo kwa muda, macho nimefumba, nikisikia watu wakipumua juu yangu, na hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga.

Ndipo nikasikia kitu kikinigusa kisigino. Mkono mkavu, mwepesi. Bibi Bernadina alikuwa ameburuta mguu wake mbovu kutoka kule alikokalishwa mpaka pale nilipo.

"Nimekugusa mguu," akasema. "Nyanyuka useme."

Nikanyanyuka. Loveness alinishika kwapa upande mmoja, sijui kwa nini. Nikamwambia Mzee Tarsisi kwamba aliyenituma ni mtoto wa kuzaa wa marehemu, Pantaleo, na yumo humu humu ndani. Watu mia wakageuza shingo kwa pamoja kutazama benchi la mwisho karibu na mlango.

Benchi lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nikatazama ukutani. Panga langu halikuwepo.

Kabla sijafungua mdomo, nje, upande wa njia ya kwa shangazi Suzana, ukapigwa mwano. Yowe la juu, likakatika. La juu tena.

Hakuna aliyeinuka. Watu wote walitazama televisheni, wakidhani mwano umetoka humo, na televisheni ilikuwa imezimwa.